Koti la Ughaibuni

Alivaa koti kwanza, akafunga vifungo vyote mpaka kooni, ndipo akapiga simu. Mhudumu alishamzoea. Alimletea kahawa yenye barafu bila kumuuliza.

Mkahawa ulikuwa wa ile kampuni yenye matawi dunia nzima: viti vya njano, ukuta wa matofali, kikombe kikubwa kimechorwa juu ya kaunta. Kila Ijumaa alikaa kona ya ndani kabisa. Leo alichagua meza ya dirishani, akaupa ukuta mgongo.

Dada yake ndiye aliyepokea. "Mtu wa ughaibuni huyo. Umenenepa, au ni koti?"

"Ni koti. Nipe mama."

Uso wa mama ukajaa kwenye simu. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Baba, huko saa ngapi?"

Akahesabu kwa vidole chini ya meza. "Saa nane mchana, mama."

"Na baridi?"

"Haisemeki." Akapangusa paji la uso.

"Viti hivyo mbona kama vya mkahawa wa hapa kwetu?"

"Kampuni moja, mama. Ukiuona mmoja umeiona yote."

Mama akacheka kidogo. "Wananipasua leo. Nilitaka nikushike mkono kwanza."

Akagusa koti kifuani. Miaka miwili iliyopita ukoo mzima ulimsindikiza hadi kiwanja cha ndege, mashangazi wakipiga vigelegele, na mama akamvalisha koti hilo kwa mikono yake. Pasipoti ilikuwa bado kwenye mfuko wa ndani, safi, bila muhuri hata mmoja, kama siku aliyokabidhiwa na wakala wa safari.

"Ndege zimejaa, mama."

"Najua. Nasema tu. Mtaani wakiniuliza nawaambia mwanangu yuko mbali, lakini hajanisahau hata Ijumaa moja."

"Mama, wanatuita," dada akasema pembeni.

"Haya, baba. Usilivue hilo koti. Ukiugua huko nani atakuuguza?"

"Silivui, mama."

Simu ikakatika. Akainua macho.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ngazi za hospitali, mama yake alimrudishia dada simu, akashika chuma cha ngazi, akaanza kupanda. Alipumzika mara mbili. Yeye akaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, akakiacha hapo mpaka mlango wa hospitali ulipofungwa.