Nguzo ya Bakai

Mjane alikuwa ameikumbatia nguzo kwa mikono na miguu, na wanaume wanne walishindwa kumbandua.

Lukas Rahail aliketi kwenye boti yake akijifanya haoni. Alikuwa mtu wa Tual, mji wa visiwani, na kazi yake ilikuwa kukusanya michongo ya vijiji vyetu vya Asmat kwa ajili ya jumba la makumbusho la ng'ambo. Hakuja kusuluhisha ndugu. Tena hakuwa na muda. Maji yakishakupwa boti ingekwama kwenye tope, na kufikia jioni nguzo ingekuwa imeshapelekwa msituni ikaoze.

Maana ndivyo tufanyavyo. Nguzo ya bisi haichongwi ili itazamwe. Mti wa mkoko huchongwa, ukapewa jina la marehemu, naye marehemu akaingia humo akakaa. Sherehe ikiisha tunaibeba mpaka kwenye misago, ile miti yenye unga wa chakula ndani ya shina, na kuiacha pale. Ikioza, mwenyewe huenda zake kwa mababu, na nguvu zake huingia katika sago tunayokula.

Nguzo hii ilipewa jina la Bakai, aliyekufa kwa homa msimu wa mvua uliopita. Aliyeichonga ni shemeji yake, Amandus, kaka wa huyo mjane. Na aliyeiuza ni Amandus huyo huyo, asubuhi ile, kwa tumbaku na mashoka matatu. Kijiji kizima kilimtazama kama aliyekula mzoga.

"Kaka, unamuuza mume wangu kwa tumbaku?" Yosefina alisema, shavu lake likiwa juu ya kifua cha nguzo. "Misago yangu inamngoja. Mimi natwanga sago pale kila siku. Leo unampeleka kwa watu wasiomjua hata jina?"

"Nimeichonga mimi," Amandus alijibu bila kumtazama. "Toka hapo."

Wazee walimsihi Amandus. Walimkumbusha kwamba tangu Bakai afe, kila alfajiri majirani husikia mtu akitembea juu ya mbao za nyumba ya Yosefina, na kukicha chungu chake hukutwa kimepinduliwa. Marehemu anahangaika, walisema, anataka kwenda, na wewe unamfungia njia. Amandus aliwasha tumbaku yake mpya mbele yao. Kusema kweli, sijapata kumwona mtu akijitafutia laana kwa utulivu namna ile.

Ndipo mzee Ndesnam, mkubwa wa jumba la wanaume, akamwinamia mjane. Alimwambia atamke neno moja tu, na vijana wataizamisha ile boti. Yosefina alitikisa kichwa. Alisema ugomvi utamwaga damu ya kaka yake, na damu hiyo haitamrudishia mume. Wanawake waliposikia hayo wakajifunika nyuso, huruma ikawashinda.

Hata Lukas hakuweza kuendelea kukaa. Alishuka botini, akazama matopeni mpaka magotini, akaja kuchuchumaa karibu na mjane.

"Mama, sikiliza," alisema. "Huko ninakoipeleka hakuna mvua wala mchwa. Haitaoza kamwe, nakuahidi."

Yosefina aliinua kichwa. "Hataoza?"

"Hata baada ya miaka mia."

"Na hatoki humo?"

"Atatokaje, mama? Kuna kioo, kuna kufuli, kuna mlinzi mlangoni."

Yosefina alipiga ukelele ambao ndege waliukimbia. Kisha nguvu zikamwishia. Mkono wa kushoto, ule uliovunjika Bakai angali hai ukaunga vibaya, ndio uliolegea kwanza, halafu wa kulia. Wanaume wakainyanyua nguzo haraka kabla hajabadili nia.

Walipoilaza botini alijitupa kwenye tope la ukingoni akagaagaa, kama wajane wetu wafanyavyo siku ya msiba ili marehemu asiwatambue kwa harufu. Aligaagaa mpaka nywele, uso na mgongo vikawa rangi moja na ukingo. Watoto walianza kulia kwa sababu yeye analia.

Lukas aliwasha injini. Alikuwa ameilaza nguzo katikati kabisa, kwa uangalifu, lakini boti iliinama upande wa kijijini, kana kwamba kuna mtu mzito ameegemea ukingo wake atazame nyuma. Alisogeza pipa la petroli upande wa pili, na bado boti iliinama. Uso wa Bakai, uliopakwa chokaa na udongo mwekundu, ulikuwa umekodoa macho juu ya bega la Lukas, kuelekea kijijini. Lukas aliufunika kwa turubai. Alifunga kamba mafundo mawili zaidi ya kawaida, akaona aibu, maana alishabeba nguzo nyingi na hakuwahi kuogopa hata moja.

"Samahani, bwana," alijikuta akiliambia turubai. "Alikupenda sana yule."

Kijijini watu walitawanyika. Aliyepita karibu na Amandus alitema mate, na mke wa Ndesnam alimwambia kwamba kuanzia leo asije kuomba moto nyumbani kwake. Amandus aliendelea kuvuta tumbaku yake. Alingoja mpaka wakabaki wawili tu ukingoni, ndipo akateremka, akapiga magoti kwenye tope kando ya dada yake.

Kilio chake kilikuwa kimeanza kufifia. Amandus alimwekea mkono mgongoni, akainama mpaka sikioni. Mngurumo wa injini ulikuwa ungali unasikika nyuma ya kona ya mto.

"Usinyamaze, dada," alinong'ona. "Boti haijafika baharini. Akijua unafurahi, atarudi."