Kupe wa Sikudhani

Haya, sogeeni niwaambie ya ngedere mmoja mwenye maringo, jina lake Sikudhani. Ngedere wa kwao kila asubuhi hukaa pamoja wakitoana kupe mgongoni, na huku wakitoana, wanasengenya. Siku moja wakamsengenya yeye.

"Nahama!" akasema. "Nitakaa mti wangu peke yangu, nisiulizwe na mtu."

Akahama kweli. Akawa analala mpaka jua kali, anakula matunda bila kumgawia mtu. Raha iliyoje! Kisha kupe akamng'ata katikati ya mgongo, pale mkono usipofika. Akajisugua kwenye gome weee, kupe ndiyo kwanza ananenepa.

Akarudi kwao. "Shikamoo, shangazi. Nimepita kuwasalimu tu."

"Marahaba, mwanangu," akacheka Shangazi Mize. "Mbona unanisalimia kwa mgongo?"

Akamtoa yule kupe, akamtafuna. "Wamebaki wengi, ila macho yangu yamechoka. Nikune kidogo na mimi, halafu uje tena kesho."

Sikudhani bado anaishi mtini kwake, na kila asubuhi anakuja. Kupe alikuwa mmoja tu, lakini shangazi naye ana mgongo, na ukoo mzima hauna vidole vyepesi kama vya Sikudhani. Msiende kumwambia!