Mahudhurio

Walipomzamisha kichwa kwenye pipa la maji mara ya tatu, Mwalimu Mbaruku akaanza kuwataja wenzake. Afande akachekelea.

"Umeona, Jongo? Hapa kila mtu husema kweli. Andika!"

Karani Jongo akaandika: Badi, Chande, Dihenga. Kalamu ikasita. Hawa hawakuwa wapinzani wa serikali. Walikuwa watoto aliosoma nao darasa la nne, kwa mpangilio uleule ambao mwalimu huyu aliutumia kuwaita kila asubuhi. Badi alikufa kwa surua hata shule hajamaliza.

"Hizza," mzee akanong'ona.

"Endelea!" afande akafoka.

Jongo alimjua anayefuata baada ya Hizza. Akainamia karatasi, na jibu la kila asubuhi likampanda kooni: Nipo, mwalimu.