Ijumaa za Mwalimu Basili

Qamara alimwambia dereva azime gari kabla hawajafika shuleni. Alitaka kumfumania Mwalimu Basili. Aliona haya kunyata kama mwizi wa kuku, lakini haya hiyo aliimeza.

Aibu kubwa ilikuwa ya Jumatatu. Wafadhili wa ng'ambo walimuuliza kwenye mkutano wa mtandaoni: mbona darasa la kusoma la kijiji cha Yaeda Chini halifundishwi Ijumaa, mwezi wa tano sasa? Kazi yake ndiyo hiyo, kufuatilia mambo ya nje yanayoukwamisha mradi wa kusoma wanaoufadhili: ukame, mafuriko, wafugaji kuhama. Ikabidi aahidi mbele ya watu ishirini kwamba atachunguza.

Si kwamba hakuuliza. Tangu aanze kazi, miezi mitano iliyopita, alimpigia Basili kila Ijumaa saa sita, naye hakukosa kupokea hata mara moja. Basili alimtajia mvua, barabara, ng'ombe waliokufa. Akiulizwa habari ya Ijumaa yenyewe, alicheka kwa haya.

"Ni mambo ya huku tu, madam. Tutayarekebisha."

Qamara alisikia upepo na kengele za ng'ombe kwenye simu, akajijazia mwenyewe: yuko mnadani, kikombe cha pombe mkononi. Sasa barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mkobani, imeshagongwa muhuri, na nakala ilikwisha kufika kwa wafadhili. Asiyekuwepo na lake halipo.

Darasa lilikuwa tupu. Nyuma yake mama Perpetua, mpika uji wa watoto, alikuwa akisugua sufuria.

"Shikamoo mama. Mwalimu yuko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Si leo Ijumaa? Siku nyingine humtoi humu, hata akiwa na homa."

"Ijumaa anakwenda kunywa?"

Mama alimtazama kama aliyesikia tusi kanisani. "Basili? Huyo hata togwa haonji."

Akanyoosha mkono wenye povu kuelekea mlima wa mbali.

"Yuko kule juu tangu alfajiri. Huku bondeni hakuna mtandao, na kuna madam mmoja wa mjini humpigia kila Ijumaa saa sita, amuulize ni nini kinakwamisha masomo. Tulimwambia amweleze ukweli, akasema ataona aibu kumlaumu mkubwa wake."

Qamara alitazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Leo naona hajapiga," mama alisema. "Saa hizi huwa ameshashuka. Mwalimu bado anamsubiri."