Sheria ya Nyani Kidevu

Enzi hizo nyani walikuwa na baraza, na Nyani Kidevu alilichosha kwa neno lile lile. “Kundi letu linapungua. Iwe sheria kila jike azae kila mwaka.” Madume wakampigia makofi.

Mama Tulizo akamwekea Kidevu mwanawe mchanga mgongoni. “Sawa, mzee. Nikiwa na mwingine tumboni, huyu atabebwa na nani? Hebu mfikishe wewe mtoni.”

Njia nzima Kidevu alivutwa masikio, akakojolewa, akaachwa nyuma na kundi. Ila vile vidole vidogo vilimkuna mahali ambapo mkono wake haukuwahi kufika.

Mtoni madume walikuwa wakimsubiri. “Mzee, tuipitishe ile sheria?”

“Sheria gani?” akanong’ona Kidevu. “Punguzeni sauti, mtoto amelala.”