Punda na Majani ya Amana

Ukame ulipouma, Sultani Nyati alilifunga bonde ili majani yasiishe. Wanyonge tu ndio wangekula humo. Wenye nguvu wapande mlimani. Lindo akamkabidhi Punda, akamwambia ni amana.

Siku moja njaa ilimshinda Nyati mwenyewe, akashuka bondeni. Punda akamzuia.

“Mbona Mbuzi yumo?”

“Mbuzi ni kiwete, bwana mkubwa. Wewe miguu unayo.”

“Na wewe mlinzi, umeshakula mangapi?”

Nyati akamnusa mdomo, apate kumkamata. Ulinuka vumbi tupu. Punda alikuwa akishinda na njaa katikati ya majani.

Nyati akapanda mlimani. Jioni alirudi na majani kinywani, akayatua mbele ya Punda.

“Kula, ndugu yangu. Haya ni halali yako.”