Mashine Mbili, Nafasi Moja

Ulimwona. Usiseme ulikuwa unatazama sahani yako. Saa saba na robo, watu wote wakiwa nje wanakula, ulipita dirisha la chumba cha ukaguzi ukamwona Mikono ameinama juu ya meza, waya mwembamba ameubana kwa meno. Ukageuza shingo. Ukajisemea, hayo ni yao, watu wa nyumba moja.

Ndivyo ulivyojisemea pia miezi mitano iliyopita, meneja aliposimama mbele ya karakana nzima akatangaza kuwa zinakuja mashine mbili za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta, na mtu mmoja ataziendesha zote mbili. Wawili watafundishwa. Mmoja atabaki, mwingine atarudisha ovaroli stoo. Waliotajwa ni Mikono na shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayelala chumba cha pili kwenye nyumba ileile. Meneja alijua. Ninyi mkacheka, mkaanza kuwekeana dau la soda.

Mikono ana miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono. Jina alipewa kwa sababu alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya chuma, akakutajia kilichozidi kabla hujafungua boksi la vipimo. Shemeji yake alikuja juzijuzi tu, akafagia, akapaka grisi, akauliza maswali. Sasa mkufunzi akitaka kuonyesha jambo kwenye kompyuta, anamwita yeye.

"Njoo uwaonyeshe wakubwa zako," anasema. Mkubwa aliyepo ni mmoja tu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu.

"Huyu mdogo wangu ana kichwa," mkewe alisema jana, akimpakulia mdogo wake kwanza.

"Kichwa tunacho wote," Mikono akajibu. "Wengine tumekitumia kubebea mizigo yenu."

Shemeji akacheka. Mikono hakuwa anatania.

Wivu ulimkaa kama chembe ya chuma jichoni: akifumba inakwaruza, akifumbua inakwaruza. Alikuwa akihesabu ni mara ngapi mkufunzi amemwita shemeji "fundi". Aliona hata kucha za shemeji zinatakata akinawa mara moja, na zake mwenyewe zimeshika weusi tangu ujana.

Leo ulikuwa mtihani. Kila mmoja alipewa kipande cha chuma na mchoro, vyote sawa: kichonge pande zote, toboa tundu katikati, usikosee hata nusu ya unene wa unywele. Ukimaliza unakifungia kipande hicho kibati chenye namba yako kwa waya, unakiacha kwenye meza ya chumba cha ukaguzi. Mkaguzi hajui namba ipi ni ya nani. Anapima, anasoma.

Mikono alikosea pale ambapo mgeni asingekosea. Skrubu ya mashine yake ya zamani ililegea mwaka wake wa tatu kazini. Aliomba ibadilishwe mara nne, kwa maandishi, na hakuna aliyemjibu. Akajifunza kuongeza kidogo kwenye kila kipimo ili kufidia ule ulegevu. Asubuhi ya leo, bila kufikiri, akaingiza kile kidogo chake kwenye kompyuta. Mashine mpya haina ulegevu. Ikakata kama ilivyoambiwa.

Alipima tundu mara moja tu, akairudisha maikromita ya kupimia kwenye boksi upesi.

"Shemeji, limetoka ngapi?" mwenzake akauliza.

"Limetoka sawa."

"Sawa ni ngapi?"

"Wewe ndiye mkaguzi?"

Mwenzake akaendelea kufunga kibati chake. Mikono akatoka nje kupunga upepo, akamwacha palepale mezani. Shemeji alipomfuata, baada ya muda mrefu, alikuwa ananyonya kidole.

"Waya hizi zina hasira," alisema.

Mikono alitazama pembeni.

Saa saba na robo akarudi ndani, eti kasahau kofia. Vipande viwili vilikuwa mezani vinang'aa kama mapacha, jicho haliwezi kuvitofautisha, na maikromita ilishafungiwa kabatini. Tisa ndiyo namba yake, nne ya shemeji. Siku nyingine yoyote angevipitishia kidole gumba kwanza. Leo alikuwa na haraka, akaziamini namba. Akafungua waya, akabadilisha vibati. Hapo ndipo ulipopita.

Saa nane mkaguzi akasoma. Namba nne, vipimo vyote viko sawa. Namba tisa, tundu limezidi.

Mikono akaomba isomwe tena. Ikasomwa tena. Meneja akampa shemeji mkono, kisha, bila kugeuka vizuri, akamwambia Mikono kwamba stoo wanamsubiri na ovaroli yake.

Kwenye korido alitaka kumpita shemeji yake bila neno. Shemeji akamshika mkono wa ovaroli. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na Mikono akadhani amekuja kumwonea huruma, jambo ambalo lingemuuma kuliko matusi.

"Shemeji, sielewi," alinong'ona. "Wewe una watoto watatu, mimi sina hata paka. Ulipotoka nje nilikipima chako, nikavibadilisha vibati, changu nikakipa namba yako. Nani kavirudisha?"

Umesikia, mashine yako iko mlangoni pa korido. Usimjibu. Meneja yuko ofisini mpaka saa kumi. Zima mashine yako, waite wenzako, mwende sasa hivi mkaidai nafasi ya pili: mashine mbili, waendeshaji wawili.